Kahawa na kalamu: Paris hadi Jaws Corner

Msomaji wa Kibaoni, Ifakara, aliyezoea kahawa ya kijiweni, huenda akashangaa kusikia kuwa mjini Paris mkahawa ulikuwa ofisi ya mwandishi. Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir waliandikia Café de Flore, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa palikuwa na joto.

Pwani yetu haina meza hiyo. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele, ikisindikizwa na kashata, na kazi hufanywa kwa mdomo, kama pale Jaws Corner, Zanzibar. Hasara yake ni usahaulifu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalinusurika kwa sababu wazee waliyakumbuka na Mwalimu Sikujua akamsaidia W. E. Taylor kuyakusanya. Diwani ilichapishwa mwaka 1940.