Hatua na Mzigo

Kutembea ni kazi ambayo mwanadamu huifanya bila kuifikiri, na kwa sababu hiyo alichelewa sana kuichunguza. Alipima mashamba, akapima mwendo wa nyota na kina cha bahari, kabla hajajiuliza unyayo wake hugusa ardhi kwa muda gani, au nguvu kiasi gani hupotea baina ya hatua moja na ya pili. Siku hizi, msomaji, watu wengi huvaa mkononi chombo kidogo kama saa ambacho huhesabu kila hatua, tangu asubuhi hadi usiku. Nataka nikusimulie asili ya chombo hicho, na jinsi sura moja ya historia ya kupima mwendo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote, ilivyoandikwa Nairobi.

Mwanzo wake ulikuwa Ufaransa. Katika miaka ya 1870 mtaalamu wa viumbe wa mjini Paris, Étienne-Jules Marey, alitumia viatu ambavyo soli zake zilikuwa na chumba cha hewa. Mkimbiaji alipokanyaga, hewa ilisukumwa ndani ya mrija wa mpira mpaka kwenye chombo alichokishika mkononi, na humo sindano ikachora mstari. Mstari ulipanda mguu ulipokanyaga, ukashuka mguu ulipoinuka. Yamkini mkimbiaji yule alichekesha sana kutazamwa, na mirija yake ikimning'inia. Lakini tangu hapo mwili uliweza kubeba kipimo chake wenyewe na kuandika habari zake wenyewe.

Karibu miaka mia ikapita. Mwaka 1964 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na ndiyo michezo ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza, ya shaba, katika mbio za mita 800. Wajapani walishikwa na hamu ya mazoezi, na mwaka uliofuata kampuni moja ya huko ikauza chombo cha kufungwa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Litazame jina hilo kwa makini. Hesabu ya hatua 10,000, ambayo watu wa nchi nyingi wameambiwa waitimize kila siku, ilienezwa na jina la bidhaa dukani, wala haikutokana na uchunguzi mrefu wa maradhi na vifo. Watafiti wa Marekani walipotoa mwaka 2019 matokeo ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 waliovalishwa vihisi vya mwendo, ilionekana kwamba faida ya kutembea ilizidi mpaka kufikia hatua kama 7,500 kwa siku, kisha ikatulia hapo.

Kihisi chenyewe hufanya kazi hivi. Ndani yake mna kipande cha silikoni chembamba kuliko unywele, kilichoshikwa na vijisipringi vya silikoni hiyo hiyo. Mwili ukisogea ghafula, kipande kile huchelewa kidogo, kama abiria anavyosukumwa nyuma matatu inapoondoka kwa kishindo. Kuchelewa huko hubadili umeme uliomo, na umeme huo husomwa kuwa mwendo. Vihisi vya namna hii vilitengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1990 kwa ajili ya mifuko ya hewa ya motokaa, bei ikashuka, vikaingia katika simu na saa.

Sasa tuje Nairobi. Magharibi ya jiji uko mtaa wa Kawangware, na humo mna kituo ambacho watu hukiita 56, kwa nambari ya njia ya magari ya abiria. Alfajiri utaona watu wengi wakiyapita magari hayo bila kuyapanda. Nauli ni fedha ya unga. Kwa hiyo huenda kwa miguu hadi Lavington na Kileleshwa, kwenye nyumba wanazofua na bustani wanazopalilia, na wengine mbali zaidi. Muuza maji husukuma mkokoteni uliojaa mitungi. Mama huja na gunia la mboga mgongoni. Hakuna hata mmoja wao asemaye kwamba anafanya mazoezi. Saa ile ile, huko Lavington, mwenye nafasi yake hukimbia kilomita tano, na saa iliyo mkononi mwake humpongeza.

Kuhusu mwendo wa wabeba mizigo, lilikuwako swali moja ambalo wataalamu walilistaajabia: yawezekanaje mwanamke abebe mzigo mkubwa kwa masafa marefu, naye asionekane kuchoka upesi? G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa ng'ambo, waliwachunguza wanawake wa Kijaluo, ambao hubeba mzigo juu ya kichwa, na wanawake wa Kikuyu, ambao huushika kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Ukanda huo, ukitumiwa kwa miaka mingi, huweza kuacha mfuo katika mfupa wa kichwa. Wanawake hao walitembea juu ya mkanda wa mashine unaozunguka, na hewa waliyoivuta ikapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Mwenye kilo 60 aliweza kubeba kilo 12 kama kwamba hakubeba kitu, ilhali askari mwenye mkoba mgongoni hulipa gharama ya kila kilo tangu ya kwanza.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1995 na Norman Heglund na wenzake, waliotumia ubao unaopima nguvu ya kila hatua. Mtu atembeapo, mwili wake hupanda na kushuka kama bembea, na nguvu ya kushuka husaidia kumpeleka mbele. Katika watu wengi sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Wanawake hao, wakisha kubeba mzigo, waliipoteza kwa uchache zaidi kuliko walipokuwa mikono mitupu. Ujuzi huo hawakuusoma darasani. Waliupata kwa kubeba tangu utotoni.

Watoto nao wamepimwa, kwa vihisi vya kuvaliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, ambao Chuo Kikuu cha Moi kilishiriki, uliwalinganisha vijana wa Kenya wa shambani na wa mjini. Wa shambani waliwazidi wa mjini kwa dakika za mwendo wa nguvu, na wasichana wa mjini walikuwa nyuma ya wote.

Lakini kihisi kina upofu wake, nawe mwanafunzi yakupasa uujue kabla hujaziamini nambari zake. Huhisi mtikisiko, wala hakihisi uzito. Hatua ya mama mwenye gunia na hatua ya mtu aendaye mikono mitupu huandikwa sawasawa, moja na moja. Tena mvishe saa hiyo muuza maji wa Kawangware. Viganja vyake vimekamata mpini wa mkokoteni, mikono haipungi, jasho linamtoka akipanda mlima. Na saa, isipoona mkono ukisogea, huenda ikaandika kwamba sehemu kubwa ya asubuhi hiyo alikuwa ametulia.