Mjusi wa Tanga na Jina la Mamba

Msafiri afikaye Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, huonyeshwa gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, akaambiwa kwamba hayo ndiyo mambo ya kale ya pwani ile. Ni kweli kwa kadiri ya historia ya wanadamu. Lakini katika miamba ya Mizimbini, huko huko Tanga, yalipatikana mabaki ya kale yasiyopimika kwa vizazi vya watu: visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, ya mnyama mtambaazi aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Mwaka 1924 S. H. Haughton, mwanajiolojia wa Afrika Kusini, alimweleza mnyama huyo akamwita Tangasaurus mennelli. Neno la kwanza maana yake ni mjusi wa Tanga. La pili ni heshima kwa F. P. Mennell, aliyevipata vielelezo. Kiwiliwili chake kilikuwa kama cha mjusi, lakini mkia ulikuwa bapa ubavuni mithili ya kasia. Na kwa mkia huo aliogelea, kama afanyavyo mamba wa mto Pangani hata leo.

Mnyama huyo aliwekwa katika kundi la Eosuchia, lililoundwa na Robert Broom mwaka 1914, na maana yake ni mamba wa alfajiri. Jina lina nguvu kubwa. Alisikiaye hudhani amekwisha kumjua babu wa mamba.

Mifupa, hata hivyo, yasema mengine. Philip Currie wa Kanada aliichunguza upya, na mwaka 1982 akaonyesha kwamba ndugu wa karibu wa mnyama wa Tanga ni Hovasaurus wa Madagaska, ambaye tumboni mwake hukutwa vijiwe alivyomeza, vikamtia uzito majini. Ndugu hao hawakuvuka bahari. Zama zile Madagaska na Afrika zilikuwa nchi moja, na bahari ndiyo iliyokuja baadaye kuwatenga. Tena uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba ukoo wao ulichipuka kabla ya njia ya mijusi na njia ya mamba kuachana. Basi mjusi wa Tanga si mjusi, wala mamba wa alfajiri si mamba. Mkia ule ulifinyangwa na maji, si na nasaba. Maisha ya namna moja huzaa maumbo ya namna moja hata kwa wasio wa damu moja.

Tongoni yenyewe yashuhudia jambo hilo. Jina lake ni mahali pa matongo, nalo halingeweza kutolewa ila na watu walioukuta mji umekwisha kuhamwa. Ulipokuwa hai, Wareno waliujua kwa jina la Mtangata. Jina hutolewa na ajaye nyuma, kwa kadiri ya alichokiona. Na kazi ya mwanachuoni ni kulipokea kwa adabu, kisha kuyauliza mawe.