Uhai Usiopimwa kwa Saa

Ndugu msomaji, zamani nilidhani kupima uhai ni kazi ya saa tu. Unaitazama kitu kinapozaliwa, unaitazama tena kinapokufa, basi. Kumbe ziko chembe zinazokufa kabla saa yoyote haijagonga. Hapo utafanyaje, bwana?

Njia ilifunguliwa na Mjerumani Werner Heisenberg mwaka 1927. Katika kanuni yake ya mashaka, chembe ya muda mfupi haiwezi kuwa na nishati moja kamili. Nishati yake hutawanyika. Uhai mfupi, mtawanyiko mpana. Uhai mrefu, mtawanyiko mwembamba. Kwa hiyo wanafizikia huchora nishati kwenye karatasi, hupima upana wa kilele, kisha hugawanya namba ndogo itokanayo na Planck kwa upana huo. Jibu ni muda.

Sasa twende Marekani, Novemba 1974. Kundi la Samuel Ting kule Brookhaven na la Burton Richter kule Stanford yalitangaza chembe ileile, ya elektronivolti bilioni 3.1 hivi. Ting aliiita J, Richter akaiita psi. Hawakuafikiana, na mpaka leo inaitwa J/psi!

Chembe nzito namna ile ilitazamiwa kuwa na kilele cha upana wa mamilioni mengi ya elektronivolti. Wapi! Kilele kilikuwa chembamba kuliko hata mtawanyiko wa mashine ya Stanford yenyewe, ikabidi upana wa kweli ukokotolewe kutokana na eneo lililo chini ya kilele. Leo tunajua ni elektronivolti 93,000 hivi. Ukigawanya, unapata sufuri nukta, sufuri 20, halafu 7, ya sekunde. Ni kidogo mno, lakini ndugu zake wengi hufa haraka mara elfu moja zaidi.

Kwa nini ilichelewa kufa? Ndani yake mna kwaki ya nne, charm, na kinyume chake. Ili zitengane zilihitaji kuzaa chembe mbili zenye jumla ya uzito kuliko mama yao. Mlango huo ukawa umefungwa. Waliosema kwaki ni hesabu za karatasini tu, wengi wakasadiki. Mwaka 1976 Ting na Richter wakapewa Nobel.

Mimi sikuwa mtu wa fizikia. Ila tangu nisome habari hii, siamini tena kwamba kisichoonekana na saa hakina historia.