Mfungo wa Shravan katika Nachingwea na Ruangwa

Historia ya Nachingwea aghalabu huanzia mwaka 1947, ulipoanza Mpango wa Karanga wa Serikali ya Kiingereza, na kukomea mwaka 1951 mpango huo ulipoachwa. Katika habari hizo mfanya biashara wa Kihindi hutajwa kwa duka lake na mizani yake tu. Dini yake haitajwi, na sababu yaeleweka: ibada ya kila siku ya Mhindu hufanywa nyumbani, mbele ya sanamu za jamaa, wala haihitaji jengo la kuonekana na mpita njia. Hata hivyo mwezi wake wa mfungo wastahili kuchunguzwa, kwa kuwa waliofunga katika Nachingwea na Ruangwa waliufunga katika majira yaliyo kinyume cha majira ya kwao.

Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni Kathiawar, Kachchh na Gujarat. Shravan ni mwezi wa kumi wa mwaka wao, uanzao baada ya Diwali, nao huangukia Julai na Agosti, pengine hata Septemba. Huko kwao ni wakati wa mvua. Zamani bahari ilikuwa imefungwa kwa ukali wa kusi, majahazi yamepandishwa pwani, na usiku wa mwezi mpevu wa Shravan nazi zilitupwa majini kuomba salama ya safari mpya. Biashara ililala, na mtu alikuwa na nafasi ya kufunga. Katika Nachingwea na Ruangwa mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Julai nchi imekwisha kukauka, na wakulima wanaleta karanga na ufuta kuuza. Basi mfungo wa siku za mapumziko ukawa mfungo wa siku za mizani. Mwenye duka aliujua mwezi wake kwa kalenda, si kwa mbingu.

Mfungo wenyewe haufanani na ule wa Ramadhani. Mwenye nadhiri hula mlo mmoja kwa siku, ama mwezi mzima, ama Jumatatu zake tu, zilizo siku za Shiva. Nafaka huachwa, viazi, matunda, maziwa, karanga na sabudana huruhusiwa. Hapa historia ina kichekesho chake: zao lililowashinda wakubwa wa Mpango kwa matrekta yao yote lilikuwa chakula halali cha mfungaji. Sabudana nayo, punje nyeupe zipikwazo kama uji mzito, tangu miaka ya 1940 hutengenezwa Bara Hindi kwa wanga wa muhogo, na muhogo ni chakula cha kila siku cha Wamwera, wenyeji wa wilaya hizi. Mimea yote miwili asili yake ni Amerika ya Kusini, ikaenea huku na huko katika zama za Wareno. Sheria za kale hazikuijua, wala si nafaka. Yaelekea ndiyo sababu ikaruhusiwa.

Siku ya saba ya nusu ya giza ya mwezi huo, kwa heshima ya Sitala, jiko haliwashwi kabisa. Huliwa chakula baridi kilichopikwa jana yake. Siku ya pili yake hufungwa hadi usiku wa manane, saa ya kuzaliwa kwa Krishna.

Kwa Kiswahili mfungo huu na ule wa Waislamu huitwa kwa kitenzi kimoja, kufunga, chenye maana ya kuzuia. Neno la Kisanskriti, upavasa, lina maana nyingine: kukaa karibu. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi, kikahesabu miezi kutokana na mfungo: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa. Miezi hiyo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, hali Wahindu huongeza mwezi mmoja kila karibu miaka mitatu, na Shravan haihami majira yake. Kwa hiyo Ramadhani huikuta Shravan na kuipita. Zilikutana karibu siku kwa siku mwaka 1979, tena mwaka 2012. Lakini kufikia 1979 Wahindi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka Tanzania, hasa baada ya sheria ya 1971 iliyotwaa majumba ya kupangisha.