Tarehe ya Flying Cloud, Merikebu ya Donald McKay

Katika zama za matanga, merikebu iliyopita zote kwa mwendo baina ya New York na San Francisco ni Flying Cloud, kazi ya Donald McKay wa East Boston. Wapo wanaoipa sifa hiyo Andrew Jackson, iliyoundwa Mystic, Connecticut, na dai lao halijanyamaza tangu mwaka 1860. Linastahili kujibiwa kwa hoja.

McKay alizaliwa Nova Scotia mwaka 1810, akaenda New York angali kijana kujifunza kazi kwa fundi Isaac Webb, kisha akafungua karakana yake East Boston. Msanifu wa merikebu John Griffiths alikwisha kutoa merikebu Rainbow mwaka 1845 na Sea Witch mwaka uliofuata, nazo zilikuwa na mbio. Dhahabu ya California ndiyo iliyompa McKay nafasi yake: nauli za shehena zilipanda hata wenye merikebu wakawa radhi kupunguza ngama ili wapate mwendo. Akaunda omo kali inayolichana wimbi, akarefusha mkuku, akasimamisha milingoti ya kubeba matanga ambayo mafundi waoga wasingethubutu kuyatundika. Flying Cloud ilishuliwa tarehe 15 Aprili 1851. Enoch Train aliyeiagiza alikuwa ameiuza kwa dola 90,000 kwa kampuni ya Grinnell, Minturn ya New York, na wazee wa Boston walisimulia kwamba hakuacha kuyajutia mauzo hayo.

Hapa ni lazima atajwe Bi. Eleanor Creesy wa Marblehead, mke wa nahodha Josiah Creesy. Mumewe aliamuru matanga. Yeye alipima jua na nyota, akapiga hesabu na kuchagua njia kwa chati za pepo na mikondo za Matthew Maury. Katika safari ya kwanza, siku chache baada ya kung'oa nanga, vilele vya mlingoti mkuu na wa galme vilivunjika, mabaharia wakavisimamisha upya baharini. Tarehe 31 Julai merikebu ilikata maili za baharini 374 kwa siku moja. Ikatia nanga San Francisco kwa siku 89 na saa 21, wakati merikebu za kawaida zilichukua miezi mitano hata zaidi.

Wapinzani husema kilichoshinda ni chati na upepo wa bahati. Chati hizo manahodha wengine walikuwa nazo pia. Na bahati hairudi kwa miadi, ilhali Flying Cloud ilirudia mwaka 1854 kwa siku 89 na saa 8. Andrew Jackson inahesabiwa siku 89 na saa 4, lakini hesabu hiyo ni ya rubani hadi rubani, yaani tangu kuachwa na rubani wa bandari ya kuondokea hadi kumpakia rubani wa bandari ya kufikia. Ukipima nanga hadi nanga, kama zilivyopimwa safari za Flying Cloud, Andrew Jackson inapita siku 90. Kipimo cha haki ni hicho, maana mwenye shehena hapokei mali yake merikebu ikiwa bado inamngoja rubani nje ya bandari. Rekodi ya 1854 ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa na Thursday's Child, chombo chepesi cha mashindano chenye watu watatu, kisicho na shehena yoyote.