Dodgers: miaka sita bila picha

Wadau, sisi tuliowahi kununua ving'amuzi vya GTV, iliyoingia 2007 na Ligi Kuu ya Uingereza ikafa Januari 2009, huwa tunadhani vituko vya televisheni ni vya kwetu tu. Hebu tuangalie Los Angeles.

Mwaka 2012 timu ya besiboli ya Dodgers ilinunuliwa kwa dola bilioni 2 na ushee. Zingerudi vipi? Jibu likaja Januari 2013: Time Warner Cable, kampuni ya televisheni ya waya, ilikubali kuilipa timu zaidi ya dola bilioni 8 kwa miaka 25. Februari 2014 chaneli mpya, SportsNet LA, ikaanza, ikiwa na karibu mechi zote.

Kasheshe ikaanza hapo. Time Warner walitaka kila kampuni itakayoibeba chaneli hiyo ilipe takriban dola 5 kwa mwezi kwa kila mteja, awe shabiki au bibi anayeangalia mahubiri tu. DirecTV, wenye madishi, wakagoma. Wakataka anayeipenda alipie peke yake. Wengine nao wakagoma, na zaidi ya nusu ya nyumba za eneo hilo zikakosa mechi.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Vin Scully. Mzee huyu aliitangaza Dodgers tangu 1950, timu ikiwa bado Brooklyn, hadi alipostaafu 2016. Misimu 67! Katika mitatu ya mwisho, watu waliokua na sauti yake waliambulia sehemu ya mwanzo ya mchezo redioni. Mwishoni kabisa, mechi zake sita za kuaga zilirushwa bure na kituo cha KTLA.

Novemba 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki DirecTV na mmiliki wake, AT&T, ikidai kwamba DirecTV ilipeana siri na washindani wake kuhusu mipango ya kuibeba chaneli hiyo. Machi 2017 wakamalizana kwa makubaliano, lakini shabiki hakupata picha.

DirecTV walikuja kukubali Aprili 2020. Wakati huo Corona ilikuwa imesimamisha michezo, hakuna cha kuangalia! Oktoba mwaka huohuo Dodgers wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1988.

Wengi humlaumu mwenye dishi. Mimi naanzia kwenye ule mkataba wa 2013. Timu iliendelea kulipwa hata picha ilipokuwa haionekani, kwa hiyo haikuwa na haraka. Time Warner alishaahidi mabilioni, asingeweza kushusha bei kirahisi. Shabiki, ambaye mapenzi yake ndiyo yaliyouzwa, hakuwa na kiti mezani.

Kwa hiyo siku klabu yako ikitangaza mkataba mnono wa televisheni, shangilia, lakini uliza: nani atazilipa hizo fedha, na asipotaka kulipa, nani atakosa mechi?

Naomba maoni yenu.