Baba Asiyeacha Mtoto

Hapa Kisesa wasifu wa marehemu humalizika kwa kutaja mjane, watoto na wajukuu aliowaacha. Wa asiyejaliwa mtoto husomwa haraka, nasi huinamisha vichwa.

Tumkumbuke Alexander Mackay, mhandisi Mskoti aliyezaliwa mwaka 1849. Alifanya kazi Ujerumani, kisha shirika la CMS likamtuma Afrika. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka 1878 akafika Buganda. Huko alifua chuma, akachapa Maandiko kwa Kiganda, akafundisha vijana kusoma. Baadhi yao waliuawa kwa ajili ya imani. Mwaka 1887 akafukuzwa, akavuka ziwa letu hili hadi Usambiro, kusini mwake. Pale aliendelea kutafsiri na kuchapa mpaka homa ilipomuua, Februari 1890, akiwa na miaka 40. Hakuoa, hakuzaa.

Je, wasifu wake ungesomwaje kwetu? Vijana aliowafundisha waliwafundisha wengine, na hao wengine, mpaka leo.

Basi msibani tusiishie kuhesabu wajukuu. Tuulize pia: ni nani aliyelijua Neno kupitia mikono ya huyu?